Kutoga gegedu la sikio: kipini changu cha titanium, pete ya shaba ya bibi yetu, na wivu niliokuwa nao

Wakuu, heshima zenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Ninayoyaandika hapa yalinitokea mimi mwenyewe, na sehemu zisizonipendeza nimeziacha kama zilivyokuwa. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wahusika nao wana simu, na mmoja wao husoma humu kila siku.

Nimeona mabinti wengi wakiuliza wavae hereni ya aina gani wanapotoga sehemu ya juu ya sikio, ile ngumu, yaani gegedu. Majibu mliyowapa ni mazuri. Mmetaja chuma, dhahabu, maji ya chumvi, namna ya kulala. Hakuna aliyetaja wivu. Mimi sikuweza kuvitenganisha, kwa hiyo mtanivumilia nikisimulia vyote kwa pamoja.

Mimi ni mwanamke wa makamo, mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu huku Karagwe. Nyumbani kwetu ni Isingiro, wilaya ya Kyerwa. Huko bado yuko bibi yetu, mama mzazi wa baba yangu, ambaye sisi wajukuu humwita Kaaka. Alizaliwa katika familia ya wafugaji upande wa Nyakatuntu, akaolewa kwa watu wa migomba. Sasa anakaribia miaka tisini. Macho yake yamefifia sana, hivyo watu huwatambua kwa sauti, na vitu huvitambua kwa vidole.

Kaaka ana pete moja ndogo ya shaba, nene kama njiti ya kiberiti, yenye mwanya mahali ncha zake mbili zinapokutana. Si pete ya kidole. Ilikuwa ikivaliwa juu ya sikio.

Habari ya pete hiyo inaanzia miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala na Kaaka akiwa msichana. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akiivaa wakati huo, aliwaita Kaaka na dada yake asubuhi moja ng'ombe walipokwisha kutoka zizini. Akawatoga wote wawili juu ya sikio la kushoto kwa mwiba wa mgunga. Hakuwavika shaba siku hiyo. Aliwapenyezea bua jembamba la nyasi kavu, na kidonda kilipotulia alilitoa akaweka nene kidogo, baadaye nene zaidi, masika yakapita na kiangazi kikapita. Ambaye tundu lake lingetulia kabla ya mwenzake ndiye angevishwa pete.

Dada yake Kaaka hakuwa na subira. Kila wageni walipofika alilizungusha bua lake ili walione. Sikio likavimba, likatoa usaha, na lilipokuja kupona sehemu ya juu ilikuwa imejikunja kama jani lililopitiwa na moto. Kaaka akavishwa pete.

"Tangu siku hiyo," Kaaka hutuambia, "mwenzangu alikuwa ananisalimia huku anatazama ng'ombe. Mpaka anaolewa, waitu jamani, ananisalimia anatazama ng'ombe."

Wataalamu wa mila wasinishambulie. Sisemi kwamba hiyo ilikuwa desturi ya Wanyambo wote, wala ya wafugaji wote. Ninasema ilikuwa ya ukoo huo mmoja, kama alivyoisimulia aliyetogwa.

Sasa, Pasaka ya mwaka juzi tulikuwa wote nyumbani. Baada ya chakula Kaaka aliagiza aletewe kikombe chake cha bati anamotunza vitu vyake, akaitoa pete ndani ya kitambaa, akaishika mbele yetu. Akasema hataki ikalale kabatini atakapokufa. Ataitoa yeye mwenyewe kwa mjukuu wa kike mwenye mahali pa kuivaa, tundu lililopona, si kidonda. Pasaka itakayofuata angeshika masikio.

Watu walicheka. Shangazi Paskazia, dada yake baba, alisema ni bahati mbaya yeye si mjukuu, maana masikio yake ni makubwa, yangeenea pete na bangili.

Mimi sikucheka. Nilimtazama Asimwe, nikaona mkono wake umekwisha kufika sikioni.

Asimwe ni mtoto wa baba yangu mdogo, kwa hiyo kwa hesabu za kwetu ni mdogo wangu. Ana duka la vitenge hapo Isingiro. Ni mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na ana masikio madogo mazuri yaliyolala karibu na kichwa. Hajawahi kunikosea. Niliwahi kutafuta kosa lake kwa bidii, nikalikosa, na jambo hilo nalo liliniudhi.

Niseme wazi kilichokuwa kikiniuma.

Asimwe alilelewa na Kaaka. Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, kisha sekondari, kisha chuo, na kila nilichokipata nilikipatia mbali na ua ule. Kinyambo changu ni cha kusalimia na kuagana. Kaaka anapomtania Asimwe, wote wawili wanakuwa wamemaliza kucheka ndipo mimi ninaelewa. Nikifika nyumbani huletewa kiti, kile chenye kitambaa cha kufuma, anachokalishwa padre na mgeni wa serikali. Asimwe huketi mkekani kando ya Kaaka, miguu ameinyoosha, wanamenya ndizi.

Mtu asiyejua angedhani kiti ni heshima. Mimi nilikuwa nauonea wivu mkeka.

Kwa hiyo pete ile kwangu haikuwa pambo. Nilijiambia kwamba siku nitakapoivaa, hakuna atakayeniletea kiti tena.

Nilijiandaa kama msomi. Nilisoma, nikauliza marafiki wanaofanya kazi hospitalini, nikafahamu mambo ambayo ningependa kila binti humu ayafahamu.

Gegedu si ndewe. Ndewe, ile nyama laini ya chini, ina damu ya kutosha na hupona upesi. Gegedu linapata damu kidogo sana, kupona kwake ni kwa polepole, na likishikwa na maambukizi laweza kuharibika umbo na lisirudi tena. Mara nyingi linataka miezi mingi, hata mwaka mzima, na huonekana limepona nje wakati ndani bado.

Halitogwi kwa ile mashine ya kubonyeza, kwa kuwa inapasua na kuponda. Linatogwa kwa sindano mpya yenye uwazi ndani, kama ya hospitali, na mtu anayejua.

Na pambo la kwanza lisiwe la kupendeza macho. Vyuma vingi vya rahisi vina nikeli, na nikeli huwasha ngozi za watu wengi. Nilichagua titanium, ile ya kiwango cha vifaa vinavyowekwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Nilichagua kipini kilichonyooka chenye kisahani bapa nyuma, si pete, kwa sababu pete huzunguka na kukichokoa kidonda kila ukigeuza shingo. Kijiti chake kilikuwa kirefu kidogo ili sikio likivimba lipate nafasi.

Nilipokwenda Bukoba kikazi nilimtafuta mama mmoja anayefanya kazi hiyo kwa usafi. Alinitoga sikio la kushoto, maumivu yakawa ya kuvumilika. Akanipa masharti: maji ya chumvi ya hospitali asubuhi na jioni, kukausha taratibu, usiguse, usizungushe, usilalie upande huo. Halafu akaniambia jambo moja zaidi, kwamba uvimbe ukiisha nirudi anibadilishie kijiti, aweke kifupi.

Sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Nilifika Isingiro nimefunga kitambaa kichwani, nikakifungua taratibu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha padre.

Asimwe alikiona kipini kabla ya wote. Alikuja karibu, akakisifu kwa moyo mweupe kabisa, akaniuliza kama iliuma. Nikamjibu kwa ufupi.

Wiki iliyofuata naye alikuwa ametoga.

Wakuu, alitoga gulioni Songambele. Kwa mashine. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza miwani na betri za redio ndiye aliyemtoga, akamwekea kipini chenye jiwe la buluu ambacho hata kijana mwenyewe hakujua ni chuma gani. Asimwe alirudi nyumbani akapakwa samli na Kaaka. Kila asubuhi alikizungusha kipini ili, kwa maneno yake, kisiote mizizi. Alilala upande alioutaka. Alibeba ndizi begani upande uleule.

Kwa yote niliyoyasoma, sikio lile lilipaswa kuoza.

Halikuoza. Liliwasha kidogo, likatoa ukoko kidogo, kisha likatulia kama ambalo halijawahi kuguswa. Mwezi baada ya mwezi likawa zuri zaidi. Lile jiwe la buluu la gulioni lilimkaa kama lilichongwa kwa ajili yake.

Naomba mabinti wasije wakasoma aya hiyo wakakimbilia gulioni. Asimwe alibahatika. Nimewaona wasiobahatika, na mmoja wao ni mwanafunzi wangu ambaye hadi leo hupanga nywele zake zifunike.

Lakini mtu mwenye wivu hafarijiki kwa kuambiwa kwamba mwenzake amebahatika tu.

Nilianza kwenda Isingiro kila mwisho wa wiki. Nilisema ninakwenda kumwona Kaaka. Nilikuwa nakwenda kuliona sikio. Nikifika nilimsalimia Kaaka, nikamsalimia shangazi, kisha nilisubiri Asimwe ageuze kichwa. Nikiona ni zima, mkono wangu ulipanda kwenye langu. Nililipapasa kulinganisha: lake halina joto, langu je? Lake halijavimba, langu je? Njiani nikirudi nililipapasa tena. Ofisini, nikisahihisha mitihani, vidole vilikuwa hukohuko.

Na kuna jambo jingine ambalo labda litaeleweka zaidi kwa watu wa kwetu. Ili nisionekane mgeni, nilianza kushuka kitini na kumenya ndizi nao. Sisi hujipaka mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande. Basi mimi niliyekataa samli ya Kaaka kwa hoja za kitaalamu nilikuwa namenya ndizi kwa mikono ya mafuta na utomvu, Asimwe anacheka, anageuza kichwa, na mkono wangu huo unapanda sikioni kukagua.

Miezi kadhaa baadaye kikaota kinundu chekundu nyuma ya tundu.

Niliongeza maji ya chumvi. Kinundu kikaongezeka. Kaaka aliposikia alinishauri samli. Shangazi Paskazia alinishauri nimwulize Asimwe anafanyaje. Ushauri huo ulinikaa kooni kwa siku nyingi.

Hatimaye nilirudi Bukoba kwa yule mama. Aliniketisha, akawasha taa, akalichungulia sikio kwa nyuma.

"Mwalimu, nilikwambia uvimbe ukiisha urudi nikupunguzie kijiti. Hiki kimekuwa kirefu, kinaegemea upande mmoja, kinakwaruza ndani kila siku."

Nikamweleza kwamba nilikosa nafasi. Hilo halikuwa kweli. Nafasi nilikuwa nayo kila mwisho wa wiki, ila niliitumia kwenda Isingiro.

"Na mkono huo?"

"Mkono upi?"

"Huo. Tangu umekaa hapo umeligusa mara ngapi?"

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa juu.

Aliniwekea kijiti kifupi, akanihakikishia kwamba kinundu hakikuwa maambukizi wala kovu la kukua, ni hasira ya kidonda, kitanywea kikiachwa. Akaniambia nisikiguse mpaka atakapokiona yeye. Alisema kweli. Kikaanza kunywea. Lakini Pasaka haikungoja.

Siku yenyewe ikafika. Tulikula, vyombo vikaondolewa, watu wakakaa uani wakiwa wameshiba na wanataka burudani. Kaaka alikaa mkekani, kikombe chake cha bati mapajani. Wajukuu wawili ndio tuliokuwa na matundu juu, wengine walikuwa watazamaji, na watazamaji walikuwa na maneno.

Aliniita mimi kwanza kwa kuwa ni mkubwa. Nilipiga magoti. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi, vikapita mbele ya sikio, vikapita nyuma, vikasimama pale pale.

"Hili bado linalalamika," alisema.

Nilitaka kumweleza habari ya kijiti. Nilikuwa na maelezo mazuri sana. Nikayameza.

Asimwe akapiga magoti mahali nilipoinuka. Vidole vikapita mbele, vikapita nyuma, havikusimama popote.

"Hili limenyamaza."

Akampa pete.

Kulikuwa na vigelegele. Mimi nilipiga makofi, nadhani nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na niliporudi niliona mtu amekwisha kunisogezea kile kiti. Nilikaa. Sijui kama nimewahi kuona wivu wa namna ile tena. Haukuwa wa kutaka aanguke. Nilitaka nisiwepo pale, au yeye asiwepo, lolote kati ya hayo lingenitosha.

Asimwe alitoa kipini chake cha jiwe la buluu ili aivae pete mbele ya watu. Akaifikisha tunduni. Haikuingia.

Bila shaka haikuingia. Tundu lake lilikuwa la mashine, jembamba kama la sindano ya nguo, na pete ile ni nene kama njiti ya kiberiti. Tundu la Kaaka liliandaliwa kwa mabua, moja baada ya jingine, muda mrefu. Mimi niliyaona hayo yote kwa mara moja kutoka kwenye kiti changu, na la kusikitisha ni kwamba jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa raha.

Shangazi Paskazia akaagiza samli. Ikaletwa kwenye kisosi. Wakapaka sikio, wakapaka pete, shangazi akashika sikio kwa mkono mmoja na kusukuma kwa mwingine. Asimwe akafumba macho. Wengine wakawa wanamtia moyo, kidogo tu, kaza, mbona kujifungua uliweza. Akacheka huku machozi yanamtoka. Ncha ya pete ikaanza kuingia. Ngozi ya sikio ikawa nyeupe, halafu nyekundu, halafu nikaona damu.

Raha yangu ikaisha hapo.

"Shangazi, acha," nilisema. "Litapasuka. Hiyo si ndewe, ni gegedu, halinyumbuki. Likipasuka na shaba hiyo ikiwa ndani, sikio litaoza."

Shangazi hakugeuka.

"Mwalimu, huo wivu umeze na chai, bado ipo kwenye chupa."

Ua mzima ulicheka. Nami ningecheka kama ningekuwa wao. Kila mtu pale alikuwa ameona uso wangu nilipokuwa nikipiga makofi.

Nikaendelea. Nikaeleza habari ya damu, ya maambukizi, ya umbo la sikio. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama niko darasani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu anayetaka pete. Nikamkumbusha Kaaka mabua ya nyasi. Asimwe alifungua jicho moja.

"Dada, mwaka mzima umeikataa samli. Leo unaikataa na pete. Niachie basi hata hii."

Alisema kwa upole. Ningependelea angenitukana.

Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo silisahau. Nilikuwa nasema kweli, na sikuweza kuaminiwa, kwa sababu nilikuwa pia na wivu. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na watu walikuwa wanaliona lile moja tu, lililo kubwa zaidi. Shangazi alikuwa ameishika pete upya. Sikuwa na muda wa kujitetea.

Niliinuka kitini. Nikashika kipini changu, kisahani kwa nyuma na kishanga kwa mbele, nikafungua kishanga, nikakivuta kijiti. Kilitoka kwa urahisi wa kuniudhi. Nikaviweka vyote kwenye kile kisosi cha samli, mbele ya shangazi.

Ninyi mliotoga mnajua maana yake. Tundu la gegedu ambalo halijapona, ukilivua pambo, huanza kuziba mara moja. Pale uani nao walijua, kwa sababu nilikuwa nimewahubiria mwaka mzima.

"Sasa sina mahali pa kuivaa," nilisema. "Leo wala Pasaka ijayo. Pete ni ya Asimwe. Msimpasue."

Shangazi alikitazama kisosi, akanitazama, kisha kwa mara ya kwanza akalitazama vizuri sikio alilokuwa amelishika. Damu ilikuwa imefika kwenye kidole chake gumba.

Kaaka, ambaye haoni, aliuliza nini kimetokea. Mtu akamweleza kwa Kinyambo. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata sikio la Asimwe, akaugusa unyevu, akavinusa vidole.

"Paskazia, toa," alisema. "Mimi walinisubiri. Huyu mnamsukumia kama ng'ombe wa kuchanjwa."

Pete ikatolewa. Nililiosha sikio la Asimwe mimi mwenyewe, kwa maji ya chumvi niliyotembea nayo mkobani mwaka mzima kwa ajili ya langu. Ngozi ilikuwa imechanika kidogo, gegedu lilikuwa salama. Nilipomaliza alichukua kipini changu kutoka kwenye kisosi, akakifuta kwa kanga yake, akataka anirudishie.

Nilikataa. Kwanza kilikuwa na samli. Pili, ningekirudisha, kila mtu pale angesema yalikuwa maigizo, na safari nyingine nikisema kweli hawangenisikiliza tena. Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Nilitamani sana kukirudisha.

Baada ya sikukuu tulikwenda Bukoba pamoja, mimi na Asimwe, kwa yule mama. Alilitazama sikio lake, akatingisha kichwa kwa muda, akasema kovu dogo litabaki. Kuhusu pete ya shaba alisema isiingie kwenye gegedu lile, si sasa na pengine si kamwe, maana kulitanua gegedu ni kazi ya hatari na ya muda mrefu, na shaba hiyo ya zamani haifai kukaa ndani ya tundu. Akapendekeza njia nyingine. Tundu likipona kabisa, avae kipete chembamba cha titanium, na ile ya shaba ining'inie juu yake kwa nje. Titanium ikae ndani ya mwili, shaba ikae hewani.

Ndivyo anavyoivaa sasa. Ikining'inia hivyo inacheza kidogo anapotembea, na wakuu, inapendeza kuliko ambavyo ingependeza kwangu. Nimejaribu kuwaza vinginevyo nimeshindwa.

Langu liliziba. Kinundu kilinywea chote, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kukichokoza. Kimebaki kishimo kidogo ambacho hakionekani mpaka nikioneshe.

Niliyojifunza, kwa wale waliouliza swali la hereni. Chagueni chuma kabla ya urembo. Titanium nzuri, kipini kilichonyooka, kisahani bapa. Mkiambiwa mrudi kupunguziwa kijiti, rudini, hata kama mna pa kwenda pengine. Osheni kwa maji ya chumvi na basi, samli ina kazi zake jikoni. Msilazimishe kitu kinene kwenye tundu jembamba, hata kiwe kimetoka kwa nani. Na msilitazame sikio la mwenzenu wakati lenu linapona, kwa sababu mkono hufuata macho, na gegedu haliponi chini ya mkono.

Kuhusu wivu wenyewe, sina dawa ya kuwapa. Wengine wataniambia kwamba baada ya tendo lile nilipata amani. Sikupata. Ninaiona pete ile kila tunapokutana na kila mara inanichoma.

Ila kumekuwa na jambo moja. Asimwe hamwamini mtu mwingine tena kuhusu sikio lake. Kila Jumamosi jioni hunitumia picha. Ananiuliza kama wekundu ule ni wa kawaida, kama ule ukoko autoe, kama mafuta ya nywele yanaweza kudhuru. Huandika "Dada, liangalie vizuri."

Nami huliangalia vizuri. Naikuza picha mpaka pete ya Kaaka inajaa kioo chote, naitazama kwa muda mrefu kuliko sikio linavyohitaji, kisha namjibu: liko salama, usiliguse.

Karibuni mchangie. Ningependa kusikia kutoka kwa mliotoga gegedu likaziba, mkatoga tena palepale: lilipona vizuri, au kovu lilisumbua? Sijasema ninataka kutoga tena. Ninauliza tu.